Msanii mpweke na kivuli chake: Tuuheshimu upweke, tusiuabudu

Mwezi uliopita nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya upili huku kwetu Mwea, si mbali na mji wa Wang'uru. Nilikuwa nimejiandaa kuzungumzia uchambuzi wa riwaya na namna ya kujibu maswali ya dondoo. Nilipomaliza, binti mmoja wa kidato cha tatu akasimama kule nyuma ya ukumbi, akauliza: "Prof, ni lazima mtu awe mpweke na mwenye machungu ndiyo aandike vizuri?"

Wenzake waliangua kicheko. Mwalimu wake alininong'onezea baadaye kwamba msichana huyo hujitenga na wenzake saa za michezo, daftari kwapani, na kwamba walimu wamekuwa wakijiuliza kama wampeleke kwa mshauri nasaha au wamwache alivyo.

Nilimjibu kijuujuu, kama tunavyofanya sisi wazee gari likiwa linatungoja langoni. Lakini swali lile limenifuata hadi nyumbani. Leo nataka kulijibu sawasawa, kwa sababu naamini kwamba uhakiki wetu wa fasihi umelijibu vibaya kwa miaka mingi, nami ni mmoja wa waliolijibu vibaya.

Tuanze na mahali wazo lenyewe linakotoka. Tangu zama za Wagiriki wa kale, watu wamejaribu kuwapanga wabunifu katika mafungu: huyu mchangamfu, yule mwenye huzuni, huyu wa jukwaani, yule wa chumbani. Katika karne iliyopita, aliyelipa wazo hili nguvu kubwa ni Carl Gustav Jung, daktari wa nafsi kutoka Uswisi. Mwaka wa 1921 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu aina za nafsi, akawatenganisha watu wanaojielekeza nje, kwa wenzao, na wale wanaojielekeza ndani, kwenye mawazo yao. Ni yeye pia aliyeeneza dhana ya kivuli: ile sehemu ya nafsi tunayoificha, tunayoionea aibu, ambayo hata hivyo hutufuata kila tuendako. Kwa maoni ya wengi waliomsoma, mbunifu halisi ni yule anayeketi peke yake na kivuli hicho, akakikodolea macho, kisha akakipa sauti.

Wazo hilo lina mvuto, sikatai. Limeingia katika madarasa yetu hadi limekuwa kama sheria. Mwanafunzi akiulizwa kwa nini shairi fulani lina huzuni, hukimbilia kusema: "Mshairi alikuwa mpweke." Akiulizwa kwa nini mhusika mkuu amekata tamaa, atajibu: "Mwandishi alikuwa amekata tamaa." Hapo uhakiki unageuka kuwa umbea kuhusu maisha ya watu.

Lakini je, wajua kwamba Jung mwenyewe alifika Kenya? Mwishoni mwa mwaka wa 1925 alisafiri hadi Mlima Elgon, akapiga kambi miongoni mwa wenyeji wa huko, akawa anaketi na wazee na kuzungumza nao kwa Kiswahili, kamusi ndogo ikimsaidia. Kilichomleta ni ndoto. Alitaka kujua watu hawa huota nini, maana kwake ndoto ndiyo njia kuu ya kukifikia kile kivuli. Kwa mujibu wa kumbukumbu zake, mganga mmoja mzee alimwambia kwa uchungu kwamba zamani waganga waliota, wakajua kama kutakuwa na vita au maradhi, na mvua itanyesha lini. Tangu Mwingereza aingie, ndoto zimekoma. Hazihitajiki tena, kwa kuwa bwana DC ndiye anayejua kila kitu.

Hebu tulitafakari jibu hilo. Mgeni alikuja akitafuta siri za nafsi ya mtu mmoja mmoja, naye mzee akampa habari za utawala. Alimwambia, kwa lugha ya adabu, kwamba hata kilicho ndani ya mtu kinaweza kuporwa na walio nje. Ndoto za mganga yule hazikuwa mali yake binafsi. Aliota kwa niaba ya watu wake. Waliponyang'anywa wao uwezo wa kujiamulia mambo, naye alinyang'anywa ndoto.

Kwa maoni yangu, mzee yule alikuwa mhakiki bora kuliko wengi wetu. Jibu lake ndilo ninalotaka kulitumia kuwasoma waandishi wetu.

Nianze papa hapa nyumbani. Mashamba ya mpunga ya Mwea, yanayotupa mchele wa pishori tunaojivunia, yana historia ambayo vijana wengi hawaijui. Mifereji ya kwanza ilichimbwa katika miaka ya hamsini kwa nguvu za mahabusu wa Mau Mau. Kuanzia 1957, kambi za Mwea zilitumiwa kuwavunja mahabusu sugu waliotolewa Manyani. Waliletwa kwa vikundi vidogo vidogo, wakazungukwa na wale waliokwisha kukiri, wakapigwa na kulazimishwa wataje viapo walivyokula. Lengo lilikuwa kumtenga mtu na wenzake wa msimamo mmoja hadi ajihisi yuko peke yake duniani. Upweke ulitumika kama rungu.

Katika mfumo huo wa vizuizi alipitia mwandishi ambaye watu wa mlima huu wanapaswa kumjua kuliko wanavyomjua: Gakaara wa Wanjau. Alizaliwa mwaka wa 1921 katika eneo la Nyeri. Kabla ya hali ya hatari kutangazwa alikuwa tayari anaandika na kuchapisha kwa Gikuyu, na hata kwa Kiswahili: kijitabu chake *Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika* kilitoka mwaka wa 1948. Alikamatwa Oktoba 1952 pamoja na viongozi wengine, akazungushwa katika vizuizi kwa miaka mingi, vikiwemo Takwa kisiwani Manda, Manyani na Hola. Kwa siri, aliandika shajara.

Shajara hiyo ilichapishwa mwaka wa 1983 kwa jina *Mwandĩki wa Mau Mau Ithaamĩrio-inĩ*, yaani mwandishi wa Mau Mau akiwa kizuizini. Mwaka uliofuata ikatunukiwa Tuzo ya Noma, ambayo ilikuwa miongoni mwa tuzo kubwa kabisa za vitabu barani Afrika.

Sasa, mhakiki wa kale angesema: Tazama! Mtu kafungiwa, kakaa na giza lake, kazaa sanaa. Lakini chunguza shajara yenyewe ni kitu cha namna gani. Kwa kawaida shajara ni daftari la siri za mtu binafsi, la "mimi" na moyo wangu. Ya Gakaara imejaa watu. Ni kumbukumbu ya pamoja, ya mtu aliyeona kwamba serikali inaandika historia yake kwenye majalada, akaamua kwamba wafungwa nao lazima wawe na karani wao. Kujificha kwake kulikuwa mbinu ya kulinda karatasi. Upweke wake ulikuwa lindo, na mlinzi hakai lindoni kwa ajili ya nafsi yake.

Na alipoachiliwa alifanya nini? Hakujifungia chumbani. Alianzisha biashara ya uchapishaji mjini Karatina, akatoa vitabu, jarida la Gikuyu, na vitabu vya kufundishia watoto kusoma lugha yao. Mtu wa mitambo ya chapa, wino, wateja na madeni! Umpange katika fungu lipi huyo? Wa ndani au wa nje? Alikuwa yote mawili, kwa zamu.

Tushuke pwani sasa, tumwone mfungwa mwingine, ambaye upweke wake ulikuwa mkali zaidi. Abdilatif Abdalla alikuwa na umri wa miaka 22 alipokamatwa kwa sababu ya waraka wa kisiasa wa mwaka wa 1968 uliouliza Kenya inaelekea wapi. Alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu, akatengwa na wafungwa wengine kwa muda mrefu. Tungo alizoziandika gerezani, nyingi kwenye karatasi za chooni, ndizo zilizokusanywa katika *Sauti ya Dhiki*, diwani iliyotoka mwaka wa 1973.

Nimeifundisha diwani hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Kuna jambo moja ambalo lilinichukua muda kuliona. Katika diwani hiyo limo shairi liitwalo "Mnazi: Vuta N'kuvute." Ni malumbano ya ndugu wawili wanaogombania mnazi. Mmoja yuko juu anakula uhondo, mwingine yuko chini anadai haki yake. Wahakiki wengi, nami nikiwemo, tumelieleza kama istiari ya siasa za baada ya uhuru. Sawa kabisa. Lakini hatukuuliza swali la kawaida tu: kwa nini mtu aliyefungiwa peke yake, asiye na wa kusema naye, atunge shairi la watu wawili wanaozungumza?

Jibu langu ni kwamba mshairi huyu alibeba jamii nzima kuingia nayo seli. Alizaliwa Mombasa, mji wa Muyaka bin Haji, ambako ushairi tangu jadi ni kujibizana: mmoja akitupa fumbo, mwingine hulifumbua, mmoja akijisifu, mwingine humshusha. Utamaduni huo haukumwacha mlangoni mwa gereza. Vina na mizani alivyovitumia vilikuwa ni sauti za waliomtangulia, zikihesabu pamoja naye. Wakuu wa gereza walidhani wamemweka peke yake. Kumbe mle ndani mlikuwa na baraza.

Ndiyo maana nasema dhana ya mbunifu anayesukumwa na kivuli chake pekee haitoshi. Dhiki ya Abdilatif haikutoka utotoni wala katika tabia yake. Ilikuwa na anwani: ilitoka kwa serikali. Kumsoma kama mtu wa huzuni ni kumwondolea mtesi lawama na kumtwisha mteswa.

Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o ni mfano mwingine, nao unajulikana zaidi. Riwaya ya *Caitaani Mũtharabainĩ*, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kama *Shetani Msalabani*, aliiandika Kamiti mwaka wa 1978, nayo kwenye karatasi za chooni. Ilipotoka mwaka wa 1980, Ngũgĩ mwenyewe ameeleza jinsi watu walivyoisoma kwa sauti majumbani, katika mabasi na katika vilabu vya pombe, msomaji akinunuliwa kinywaji ili aendelee. Kilichoandikwa seli na mtu mmoja kikarudi kwa wenyewe barabarani.

Najua kuna msomaji anayesema sasa: "Profesa, unachagua wafungwa makusudi. Hao walilazimishwa kuwa wapweke. Vipi wale waliouchagua upweke?" Ni hoja ya haki. Basi tumtazame mwandishi ambaye, kuliko mwingine yeyote katika Kiswahili, anaonekana kulithibitisha wazo la Jung: Euphrase Kezilahabi.

Kezilahabi alizaliwa kisiwani Ukerewe mwaka wa 1944. Katika *Rosa Mistika*, riwaya yake ya 1971, msichana aliyebanwa na baba mkali anafika chuoni, anaupokea uhuru asiojua kuutumia, na mwisho anajiangamiza. Katika *Kichwamaji* ya 1974, Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, anakufa kwa mkono wake mwenyewe. Hapa kivuli kipo, na ni cheusi. Kezilahabi aliyaandika mambo ambayo jamii ilitaka yafichwe: uchu, chuki, woga, shaka juu ya Mungu na juu ya maana ya kuishi. Si ajabu kwamba *Rosa Mistika* iliwahi kupigwa marufuku shuleni.

Jung alisema kuna uumbaji wa aina mbili: ule unaochota katika maisha ya kawaida tunayoyafahamu, na ule unaochota katika maono, unaotuletea vitu vya kutisha visivyo na jina. Tukikubali mgawanyo huo, basi Kezilahabi alivuka kutoka aina ya kwanza hadi ya pili. *Rosa Mistika* tunaielewa. Tumewaona akina Rosa. Lakini *Nagona*, kitabu chembamba ambacho kimewatoa jasho wanafunzi wa vyuo vyetu, ni safari ya msimulizi asiye na jina katika nchi ya ndoto, akikitafuta kitovu cha ukweli. Hakuna kijiji tunachokijua humo, wala siku wala tarehe.

Hata hivyo, nina mambo mawili ya kusema. Kwanza, tusimchanganye Kazimoto na aliyemwandika. Kazimoto aliangamia. Kezilahabi aliishi hadi Januari 2020, akafundisha vizazi vya wanafunzi Dar es Salaam na Botswana, akaandika tasnifu ya udaktari huko Wisconsin, akabishana hadharani na wanamapokeo kuhusu mashairi huru. Kazimoto alikuwa na kivuli, basi. Kezilahabi alikuwa na kivuli pamoja na kazi ya kufanya nacho. Tofauti hiyo ni ya uhai na mauti.

Pili, hata *Nagona*, safari ya upweke kuliko zote katika riwaya zetu, inaelekea wapi? Kwenye ngoma kuu. Msafiri anatembea peke yake, lakini anakoelekea watu wanacheza. Mwandishi aliyekwenda mbali kabisa ndani ya nafsi alikutana na uwanja wa ngoma. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzito.

Hata wanasaikolojia wenyewe wamebadili kauli. Mihaly Csikszentmihalyi, katika kitabu chake cha 1996, aliwahoji watu 91 waliotukuka katika fani mbalimbali. Aligundua kwamba wengi wao hawaingii katika fungu moja. Mtu yuyo huyo hupenda kukaa peke yake akifanya kazi, kisha akatafuta wenzake wa kubishana nao kwa hamu ileile. Hilo ndilo tuliloliona Karatina na Mombasa.

Kwa nini nalishikilia jambo hili? Nitasema ukweli, ingawa haunipi raha.

Miaka mingi iliyopita nilimfundisha kijana mmoja aliyekuwa na kipawa ambacho sijakiona tena. Aliandika hadithi fupi zilizonifanya nizisome mara mbili kabla ya kulala. Kadiri muda ulivyopita, alianza kujitenga. Aliacha kula na wenzake, akaacha kulala, akajisifu kwamba hafanyi usafi wa chumba kwa kuwa uchafu unamsaidia kufikiri. Na mimi, mwalimu wake, nilimsifu. Nilisimama mbele ya darasa nikasema kwamba hivyo ndivyo wasanii wa kweli walivyo. Nikataja majina ya Wazungu waliokunywa pombe na kukata tamaa na kuandika kazi bora. Kijana alinisikiliza.

Hakumaliza shahada. Hakumaliza riwaya yake pia. Wenzake ndio waliomtafuta na kumrudisha kwao, mimi nikiwa bado nadhani ninalea kipaji. Alikuwa mgonjwa, naye alihitaji mtu wa kumwambia, "Twende hospitali," si mhakiki wa kumpangia fungu. Yuko hai, namshukuru Mungu, ana familia. Haandiki tena. Huo ndio mzigo ninaoubeba kila ninaposikia mtu akiupamba uchungu wa msanii kana kwamba ni pambo la shingoni.

Kinyume chake pia ni kosa. Huku kwetu mtoto anayependa kukaa peke yake huitwa mwenye kiburi, au husemwa kwamba kuna jambo limempata. Nyumba imejaa watu, redio inaimba, wageni wanaingia bila hodi, na mtu akijifungia saa moja aandike, watu huuliza amekosana na nani. Tunataka vitabu, lakini hatutaki kumpa mtu nafasi ya kuviandika. Wanawake ndio wanaoumia zaidi. Mvulana akitoweka na daftari, ataambiwa ni msomi. Msichana akitoweka, ataambiwa sufuria zinamngoja.

Nikiwa mvulana, nilikuwa miongoni mwa watoto waliotumwa kufukuza ndege katika mpunga. Kwelea wanaposhuka, hawaachi kitu. Kila mtoto alisimama katika kipande chake tangu alfajiri, teo mkononi, matope miguuni. Ulikuwa upweke kwelikweli. Ni hapo nilipoanza kujitungia nyimbo, maana siku ilikuwa ndefu. Lakini nilipopiga kelele, jirani wa kipande cha pili alipiga yake, na wa tatu vilevile, hadi kule mbali nisikoona. Ukinyamaza, ndege walitua kwako, kisha wakahamia kwa mwenzako. Kila mmoja alikuwa peke yake, na hakuna aliyekuwa peke yake.

Basi, mwanangu wa kidato cha tatu, jibu langu ni hili. Hapana, si lazima uwe na machungu. Machungu yatakuja yenyewe, hayahitaji mwaliko. Yakija, yaandike, lakini usiyafuge ili uandike. Upweke utauhitaji, kama fundi anavyohitaji meza yake. Uutafute, uulinde, wala usiuonee haya. Ukimaliza kazi, inuka mezani, umtafute mtu umsomee ulichoandika. Na ikitokea siku huwezi kuinuka, hiyo si dalili ya kipaji, mwite mtu.

Na wewe mwalimu mwenzangu uliyeninong'oneza: usimpeleke kwa mshauri nasaha kwa sababu ya daftari. Muulize kwanza kama analala, kama anakula, kama ana rafiki hata mmoja. Akikwambia ndiyo, mtafutie kona tulivu katika maktaba saa za michezo. Kisha, mara moja kwa wiki, mwombe akusomee ukurasa mmoja.